Picha za magari ya gemu zisafishwe kabla ya kupambwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii ya barua niseme neno kuhusu kazi ambayo vijana wengi, na watu wazima wasio wachache, wanajifunza siku hizi bila mwalimu, nayo ni kuhariri picha za magari wanazozichukua ndani ya michezo ya mbio ya kompyuta. Mchezo wa Gran Turismo 4 ulipotoka Japani mwishoni mwa mwaka 2004 ulikuja na sehemu maalumu ya kupigia picha, na leo michezo mingi mikubwa ya mbio inamruhusu mchezaji kulisimamisha gari katikati ya kona, kuizungusha kamera na kuchagua lenzi aitakayo. Lalamiko langu linahusu mafunzo yanayowapokea wanaoanza. Mengi yanaanzia mwisho, kwa maana yanamfundisha mtu kutia miale ya jua, kuligeuza anga kuwa la rangi ya chungwa na kumwaga moshi nyuma ya matairi, ilhali gari lenyewe bado lina kingo zilizokatika kama meno ya msumeno na magurudumu yanayoelea juu ya lami.

Uchafu huo una chanzo chake, na asiyekijua atausafisha kwa kubahatisha. Mchezo unaoonyesha picha 60 kwa sekunde una takriban milisekunde 16 tu za kuchora kila picha, na ndani ya muda huo unatakiwa kuchora magari yote, barabara, vivuli na mawingu yanayoakisiwa kwenye boneti. Kwa hiyo unalazimika kufanya mengi kwa mkato. Gari likiwa mbioni jicho halipati nafasi ya kuiona mikato hiyo, lakini picha ikishagandishwa kila kitu kinajitokeza. Skrini yenyewe ni safu za vijiraba vya pikseli, yaani nukta ndogo za rangi zinazounda picha, na mstari wa mshazari au uliopinda, kama ule wa paa au wa madigadi, hauwezi kupita juu ya vijiraba hivyo bila kuvunjika ngazi ngazi, isipokuwa mchezo uwe umepata muda wa kuzichanganya rangi za pande mbili za mstari. Katika michezo ya zamani kuna tatizo jingine juu ya hilo: tairi lililopaswa kuwa duara limejengwa kwa vipande vichache vilivyonyooka, na pembe zake zinahesabika.

Sehemu kubwa ya usafishaji hufanyika kabla programu ya kuhariri haijafunguliwa, jambo ambalo mafunzo mengi hulipita kimya kimya. Picha yenye upana wa pikseli 3840 na kimo cha 2160 ina pikseli mara nne ya ile ya 1920 kwa 1080, na ikipunguzwa hadi ukubwa huo mdogo kila pikseli nne zinayeyuka kuwa moja, hivyo kingo zinalainika zenyewe kwa hesabu, vizuri kuliko mkono wowote utakavyozilainisha. Ni muhimu pia kuhifadhi picha kwa mfumo wa PNG badala ya JPEG pale mashine inaporuhusu, na PlayStation 4, kwa mfano, inaruhusu katika mipangilio yake. JPEG huigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kutupa sehemu ya taarifa za kila mraba, tena mara nyingi hupunguza taarifa za rangi kuliko za mwanga. Ndiyo maana gari jekundu lililo mbele ya ukuta mweusi huonekana limezungukwa na vumbi ambalo halikuwamo mchezoni. Aidha, michezo mingi mipya hulainisha kingo kwa kuchanganya picha ya sasa na zilizotangulia, na matokeo yake ni vivuli vya kizuka nyuma ya spoila (lile bawa la nyuma ya gari) na antena. Anayegandisha mchezo na kubonyeza papo hapo atavinasa vivuli hivyo, na anayesubiri kidogo picha itulie mara nyingi hataviona.

Baada ya hapo ndipo kingo zilizobaki zishughulikiwe. Watu wengi hukimbilia kulifanya gari zima liwe na ukungu kidogo, wakadhani wamelilainisha, kumbe wamefuta maandishi ya ubavuni na mistari ya milango pamoja na zile ngazi. Njia ninayoipendekeza ni ya polepole. Picha ikuzwe mara mbili, kisha kwa kifaa cha kalamu uchorwe mstari uliopinda unaofuata umbo halisi la paa, boneti au madigadi, mstari huo ugeuzwe kuwa eneo lililochaguliwa lenye ukingo laini wa pikseli moja hivi, na rangi ya gari ijazwe upande mmoja na ya mandhari upande wa pili, kila moja ikichukuliwa kutoka pikseli za jirani kabisa. Picha ikirudishwa kwenye ukubwa wake, ngazi hazipo na maandishi yamesalimika. Kazi yote ifanyike juu ya tabaka jipya, yaani kama karatasi angavu iliyolazwa juu ya picha, picha ya asili ibaki chini bila kuguswa, ili kosa lolote lifutwe bila kuanza upya. Programu ya GIMP, ambayo imekuwa ikitolewa bure tangu mwaka 1996, inayaweza haya yote, kwa hiyo kisingizio cha gharama hakina nguvu.

Magurudumu ndiyo yanayomtofautisha mhariri na mpambaji. Gari linaloonekana likikimbia huku kila mkono wa rimu ukihesabika linasema uongo, na lile ambalo rimu zake zimegeuzwa kuwa sahani ya kijivu linasema uongo mwingine. Kiasi cha ukungu wa mzunguko kinaweza kukokotolewa. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kila sekunde. Shata ya kamera, yaani kilango kinachoruhusu mwanga uingie, ikifunguka kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, gari litakuwa limesogea sentimita 46, na tairi lenye mzingo wa mita 2 litakuwa limezunguka karibu robo ya duara. Kwa sehemu moja ya 250 ya sekunde, tairi hilohilo linazunguka nyuzi 20 tu, na mikono ya rimu bado inatambulika. Anayehariri achague mojawapo, asiweke namba kwa kupapasa.

Kuna na hila yake hapo. Gurudumu likitazamwa kwa pembeni kidogo si duara tena, limekuwa yai, na ukungu wa mzunguko ukiwekwa moja kwa moja juu ya yai hilo rimu huonekana imepinda. Lazima gurudumu likatwe kwenye tabaka lake, livutwe mpaka liwe duara, liwekewe ukungu, kisha libanwe tena lirudi kwenye umbo lake. Hata hapo kazi haijaisha, kwa sababu kalipa ya breki, kile kifaa kinachoibana diski ya breki, haizunguki. Imefungwa mahali pamoja nyuma ya rimu, na inapaswa kubaki imetulia ikichungulia katikati ya mikono iliyofifia. Ni rahisi kuirudisha kwa kuifuta sehemu ndogo ya barakoa ya tabaka, yaani kifuniko kinachoamua sehemu ipi ya tabaka ionekane. Mng'ao wa jua juu ya rimu nao haupaswi kuzungushwa, kwa kuwa jua limesimama palepale hata gurudumu likienda kasi namna gani. Nimeona picha nyingi zilizosifiwa ambazo mng'ao umesokotwa pamoja na chuma, na sijui ni kwa nini wanaozisifu hawalioni hilo.

Mandhari lazima ikubaliane na magurudumu. Kama gari lina urefu wa mita 4.5 na katika picha linachukua pikseli 1500, zile sentimita 46 ni kama pikseli 150, na huo ndio urefu wa ukungu unaostahili kuwekwa kwenye lami iliyo sambamba nalo. Zaidi ya hapo inabidi mtu aamue kamera iko wapi. Mpiga picha aliyesimama kando ya njia na kuigeuza kamera kulifuata gari hupata ukungu unaokaribia kulingana kwa miti ya karibu na vilima vya mbali, kwa kuwa yote imepitiwa na mgeuko mmoja wa kamera. Kamera iliyofungwa kwenye gari jingine linalokwenda ubavuni huleta matokeo tofauti: lami ya karibu inakuwa michirizi mirefu na vilima vinabaki karibu vimetulia. Picha inayochanganya hali hizo mbili humsumbua mtazamaji hata asipoweza kueleza kinachomsumbua.

Kivuli cha chini ya gari hakihitaji maelezo marefu. Panapogusana tairi na lami pawe na giza jembamba lakini zito kuliko yote, lipakwe kwa brashi laini yenye nguvu ndogo, mara kadhaa, kwa rangi iliyochotwa kwenye lami na kukolezwa, kwani weusi mtupu hauonekani sana barabarani mchana. Kuhusu anga, tahadhari ni moja. Picha ya kawaida ina ngazi 256 tu za kila rangi ya msingi, na anga la samawati likivutwa sana kwa zana ya mikunjo ya mwanga hupasuka mapande mapande yanayoonekana wazi. Anayegeuza faili kuwa la biti 16, lenye ngazi nyingi zaidi za kila rangi, kabla ya kugusa rangi, na kunyunyiza chembechembe hafifu mwishoni, ataliepuka hilo kwa kiasi kikubwa.

Mapambo mengine mtu akipenda aweke, ingawa kwangu ile miale ya lenzi inayotupwa kila kona ya picha ni adhabu. Kunoa picha, yaani kuzikoleza kingo zake, kuje mwisho kabisa, baada ya kuipunguza, na kuachwa mara tu ukingo mweupe unapoanza kuizunguka bodi ya gari.

Najua wapo watakaosema kwamba programu za akili bandia zinafanya usafi huu kwa kubonyeza mara moja. Zinalainisha kingo kwa kweli, lakini zinafanya hivyo kwa kukisia, na palipo na maandishi madogo ya ubavu wa tairi, namba za mashindano au nembo zilizobandikwa mlangoni, mara kwa mara zinaandika kitu kinachofanana na herufi kisicho herufi. Mtu ambaye hajawahi kusafisha gurudumu kwa mkono hatajua pa kutazama ili aligundue kosa hilo, na hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kusisitiza kwamba wanaoanza wajifunze njia ndefu kwanza.

Liko pia suala la uaminifu. Picha iliyotoka mchezoni bila kuguswa na picha iliyofanyiwa kazi ya saa nyingi ni vitu viwili halali, lakini zikishindanishwa pamoja bila kutajwa ipi ni ipi, aliyepiga picha kwa ustadi ndani ya mchezo anadhulumiwa, na mnunuzi anayetaka kujua mchezo unaonekanaje hasa anapotoshwa. Neno moja chini ya picha, "imehaririwa" au "haijaguswa", linatosha.

Ombi langu kwa gazeti lako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Kurasa za teknolojia zinapochapisha picha za aina hii, zichapishe kipande kimoja cha picha ya asili na kipande hichohicho baada ya kuhaririwa, vyote viwili kwa ukubwa wake kamili, kwa mfano gurudumu la mbele peke yake. Picha nzima ikishabanwa kuingia kwenye safu moja ya gazeti, chafu na safi hufanana, na anayejifunza hapati cha kulinganisha.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi