Risala kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kazi katika Bwawa la Samaki la Heʻeia, kisiwa cha Oahu, Hawaii

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wenyeji wetu wa Heʻeia,
Wazazi, walezi na watoto,

Aloha, na kwako Mwalimu, shikamoo.

Sisi Waswahili wa kisiwa hiki hatujazi hata daladala moja, lakini kila tukiitwa huku tunakuja. Ahsante kwa kukubali kukanyaga tope pamoja nasi.

Mgeni Rasmi, kwanza tukiri kosa. Wewe umezeeka ukihimiza watu wa Pwani wapande mikoko. Sisi hapa tunaikata. Tena kwa msumeno, na tunafurahi ikianguka.

Usitukasirikie kabla hujasikia. Hawaii haikuwa na mkoko hata mmoja mpaka mwaka 1902, miche ilipoletwa kisiwa cha Molokai kutoka Florida ili kuzuia tope la mashamba. Tangu hapo mkoko umeenea ufukweni kama mgeni aliyepewa mkeka akachukua nyumba. Mizizi yake inapenya kwenye kuapā, yaani ukuta wa bwawa, na kutawanya mawe yaliyopangwa bila chokaa wala saruji. Ndege wa hapa, waliozoea tope la wazi, wanakosa pa kutua.

Ukuta wenyewe unauona mbele yako. Una urefu wa kilomita 2 hivi na unazunguka eka 88. Mababu wa wenyeji wetu waliujenga miaka 600 iliyopita au zaidi: mawe meusi ya volkano pande zote mbili, matumbawe katikati. Penye malango, yaitwayo mākāhā, vijiti vimesimamishwa kwa nafasi ndogo. Samaki mchanga anapita, anakula, ananenepa, na akitaka kurudi baharini hatoshi tena. Na samaki wenyewe ni mkizi na mwatiko. Mwatiko, Mwalimu! Mzee wetu mmoja kutoka Mafia alipomwona nusura alie.

Mafuriko ya mwaka 1965 yalibomoa sehemu ya ukuta huu, mikoko ikafunika kilichobaki. Tangu 2001 wenyeji, kupitia shirika la Paepae o Heʻeia, wanaufufua pamoja na yeyote mwenye mikono. Desemba 2015 watu wapatao 2,000 walijipanga mstari, wakapokezana mawe mkono kwa mkono hadi pengo kubwa likazibwa. Nyumbani tungesema msaragambo. Hapa ni laulima. Huko juu bondeni wenzao wanarudisha majimbi kwenye vinamasi, maana majimbi hutuliza maji ya mto na tope likabaki hukohuko.

Lakini kilichotushika sisi ni hodi. Hapa hodi huimbwa. Unasimama nje, unaimba oli ya kuomba ruhusa, unangoja uimbiwe karibu. Siku ya kwanza tuliingia tu na majembe yetu begani. Tukarudishwa nje kwa upole, tukafundishwa. Watoto wa hapa wanajua mvua na pepo za bonde lao kwa majina, na wanazitaja kwa Kihawaii, lugha ambayo sheria ya mwaka 1896 iliitoa madarasani, hadi wazazi walipoanzisha shule za chekechea za Pūnana Leo mwaka 1984. Mmoja akamwuliza binti yetu: pepo za kwenu zinaitwaje? Mtoto akatutazama. Kusi na kaskazi hatukuwahi kumfundisha.

Mgeni Rasmi, tuna maombi matatu. Tunaomba buti za mpira za watoto, jozi 12, kwani wanaazimana. Tunaomba, kabla hujaondoka, utuonyeshe namna ya kumenya na kukausha boriti, kwa sababu mikoko tuliyokata imelala rundo pale na wenyeji hawajui kwamba nyumbani ingekuwa dari. Na leo jioni, tukishakula mwatiko, ukae na watoto wetu uwatajie pepo za Pwani, moja moja, na miezi yake.

Naomba kuwasilisha.