Kikao cha Jumamosi: saa imebadilika

Habari zenu, wapenzi wa besiboli!

Kikao cha Jumamosi kimesogezwa hadi saa 2 usiku, si saa 1 tena. Ni mtandaoni kama kawaida. Kiungo nitakituma mapema.

Tutatazama marudio ya mchezo wa saba wa fainali za ligi kuu ya besiboli ya Marekani za 2016, kati ya timu za Chicago Cubs na Cleveland. Cubs wamekaa miaka 108 bila ubingwa, halafu mvua inakatiza mchezo! (Mvua ile bado hunitoa jasho.)

1. Kila mmoja aje na kisa chake cha kukaribia kukata tamaa. Dakika tatu tu, tunajuana.
2. Wageni msiogope: mpigaji anayefaulu mara 3 kati ya 10 huhesabiwa hodari. Tutaanzia hapo.

Tafadhali andikeni "nipo" au "sipo" kabla ya Alhamisi jioni.