Kwa yule kijana wa Majengo: usinunue bafle kubwa kuliko chumba

Mhariri wetu, jambo sana.

Niko najibu ile barua ya kijana wa Majengo aliyeuliza kama anunue monita (bafle, yaani spika, za kusikilizia kazi ya studio) za inchi 5 ao za inchi 8 kwa studio yake ya nyumbani, pamoja na majibu mliyotoa wiki iliyofuata. Karibu wote walimwambia "chukua kubwa, utasikia base vizuri". Mi nakataa, juu hilo shauri njo lilinikulia makuta (pesa) ya miaka miwili.

Chumba changu kiko hapa Katindo, mita 3 kwa mita 2 na nusu, ukuta wa bloki, chini sima. Nilinunua za inchi 8. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu kama mjinga, kiki ya drami inapiga mpaka vikombe vya mama mwenye parseli vinatetemeka ku kabati upande wa pili. Lakini kila miksi (wimbo nilioshamaliza kupanga sauti zake) niliyotoa mule ilikuwa inatoka bila base! Msanii anaichukua, anaiweka mu gari ya kaka yake, kisha ananipigia simu: "Gran, base uliiacha wapi?" Mi nikiwa ku kiti changu nasikia base imejaa, naipunguza, naipunguza tena, kumbe si wimbo njo ulikuwa na base nyingi, ni chumba.

Na hii si uchawi, hesabu yake ni ya mtoto wa shule. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde. Chukua 343, gawanya na urefu wa chumba mara mbili. Kwangu ni 343 kwa 6, inatoka 57. Maana yake kwenye Hz 57 (mitetemo 57 kwa sekunde) chumba kinaanza kuimba chenyewe kati ya ukuta na ukuta, na upande ule wa mita 2 na nusu kinaimba tena karibu na Hz 69. Sasa angalia kiki na gita la base zinakaa wapi, ni mule mule. Fanya hivi kama huniamini: tafuta programu ya kutoa toni mu simu ao kompyuta, weka hesabu ya chumba chako, pigisha ku bafle, kisha chukua kitabure utembee nacho. Mi nilikaa katikati ya chumba sauti ikapotea karibu yote, nikafikiri kable imetoka. Nikasogea mpaka mgongo ukagusa ukuta, ikavimba kama ngoma ya kanisa. Toni ni ile ile moja, volume sikuigusa. Njo maana kiti hakikaagi katikati wala ku ukuta, sogea mbele kidogo ya katikati halafu sikiliza tena.

Basi inchi 8 inaleta nini? Yamaha wenyewe wanaandika HS8, monita yao ya inchi 8, inashuka mpaka Hz 38, na HS5, ile ya inchi 5, mpaka Hz 54. Mu chumba kikubwa hiyo ni zawadi. Mu chumba cha mita 3 ni kumuongezea mlevi kasiksi (pombe ya ndizi). Nilibadilisha nikachukua za inchi 5, na ile base ya chini kabisa naichunguza na kaske (hedifoni), kisha ku bafle ya motari (mtu wa pikipiki ya abiria) wa pale kona, yule hanaga huruma na wimbo wa mtu.

Wenye nyumba za mbao, na Goma hii tuko wengi, msijisikie vibaya. Base inapita kwenye mbao inatoka nje, haibaki ndani kuzunguka kama mu nyumba ya bloki ao ya mawe ya volkano, kwa hiyo kwa kusikiliza pengine mnatushinda. Shida yenu ni jirani. Na mvua, lakini mvua ku mabati inatusumbua wote.

Kuhusu kuzipanga sitasema mingi. Bafle mbili na kichwa chako vifanye pembetatu yenye pande sawa, twita (kale kaspika kadogo ka sauti za juu) iangalie sikio, si kifua, si dari. Usizitupe mu kona, kona inaongeza base ya uongo. Na plato (trei) za mayai mlizobandika ku ukuta, tafadhali jamani, toeni! Zinapunguza kidogo sauti za juu basi, base haijui hata kama ziko. Mi niliomba balo mbili za nguo kuukuu kwa shangazi anayeuza sokoni, nikazisimamisha kona za nyuma, moja juu ya nyingine ilipowezekana, na godoro la zamani nyuma ya kiti. Chumba kilitulia kuliko kitu chochote nilichonunua. Shangazi anazidaiga kila akikosa mzigo wa kuuza, hiyo ni habari ingine.

Wengine wanasema bila monita ya bei kali huwezi kutoa kazi. Yamaha NS-10 ilitoka 1978 ikiwa bafle ya kusikilizia mziki nyumbani, watu wa nyumbani hawakuipenda sana, lakini studio kubwa za dunia zikaiweka ku meza mpaka ilipoacha kutengenezwa 2001. Sauti yake ni kavu, base kidogo, hadi watu walikuwa wanabandika karatasi ya choo mbele ya twita kuipunguza makali. Waliipenda juu haikufichi kosa. Kwa hiyo bafle inayokufurahisha dukani, mimi ningeishuku kwanza.

Sasa kile kilichoniuma zaidi. Zile za inchi 8 zilikuwa jozi ya pili. Ya kwanza niliinunua Birere, duka silitaji, karatoni mpya kabisa, prizi ya vidole viwili bapa. Muuzaji akanipa adapta ya prizi bure, nikamshukuru hata. Nimefika nyumbani nimechomeka, taa ikawaka, ikaja harufu ya plastiki, kisha tak, kimya, halafu kamoshi kadogo kakatoka kale katundu ka nyuma. Kugeuza bafle naona imeandikwa 120V 60Hz peke yake, hakuna kaswichi ka kubadilisha. Hapa kwetu ni 220V. Adapta inabadilisha umbo la prizi tu, umeme unabaki ule ule. Nilirudi dukani wakaniambia "ulisaini umepokea nzima".

Kwa hiyo kijana, kabla hujatoa dola hata moja geuza bafle usome nyuma yake, iandikwe 220-240V ao 100-240V, ao iwe na kaswichi, na uhakikishe kaswichi kako upande wa 230. Na usichomeke moja kwa moja kwenye grupe (jenereta), weka stabilizateri (kifaa cha kutuliza umeme) katikati. Kuwasha, monita ni za mwisho, kuzima ni za kwanza, ile pah! ya kompyuta na kadi ya sauti inauaga twita polepole.

Mhariri, barua yangu ya mwezi uliopita mliikata katikati, nilielewa, ukurasa ni mdogo. Hii mkitaka kukata kateni habari ya shangazi, ile ya 120V muiache.

Fundi wa sauti, Katindo, Goma