Daftari la klabu na sanda ya Kinyozi

Ngamiani, Tanga
14 Mei 2024

Sahibu yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na wote waliomo nyumbani mwako huko Mwanza. Sisi huku hatujambo, isipokuwa magoti, ambayo sasa yanatangulia kujua kuwa mvua inakuja. Najua ni zaidi ya miaka miwili tangu nilipokuandikia mara ya mwisho, na kununa ni haki yako, lakini nakuomba unune baada ya kunijibu, kwa maana nina jambo ambalo wewe peke yako, katika wote tuliobaki, unaweza kulitolea ushahidi.

Nyumba ya klabu yetu inavunjwa. Mmiliki mpya anataka kujenga maduka, naye kwa hisani yake aliniita nikachukue alichokiita takataka za wazee: benchi moja, dhumna pungufu ya kete mbili, na sanduku la bati lenye madaftari matatu. Mawili mchwa wameyamaliza. La tatu, linaloanzia mwaka 1981 na kukomea 1983, limesalimika, na humo wewe, mweka hazina mtukufu, umeandikwa kwa mkono wako mwenyewe kuwa unadaiwa ada ya miezi minne. Hilo tutalizungumza.

Habari za sanduku zilipoenea mtaani, alikuja kwangu binti mkubwa wa marehemu Kinyozi, mwenzetu wa klabu. Alikaa kitako, akanywa chai, akazunguka na habari za watoto na za bei ya mchele, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo: «Baba, ni nani aliyemzika baba yetu?» Nikadhani anatania. Kumbe miaka yote hii, tangu 1982, nyumba ile inaamini kwamba gharama zote za maziko, kuanzia sanda hadi ubani na chakula cha hitima, zilitolewa na Bwana wa Mizani kutoka mfukoni mwake. Kwa sababu ya fadhila hiyo mjane alimruhusu avune minazi ya marehemu kule Tongoni. Bwana wa Mizani naye amekwishatangulia mbele ya haki, na wanawe wanaendelea kuvuna kana kwamba wamerithi. Zaidi ya miaka arobaini ya nazi, rafiki yangu, kwa kipande cha bafta ya sanda.

Mimi ninaamini kuwa sanda ile ilinunuliwa na klabu. Nakumbuka tulivyokuwa tukikata shilingi katika kila ada na kuiweka kando kwa ajili ya vilio, na nakumbuka ugomvi ulioupigana wewe na wale waliotaka fedha hiyo ikodishe bendi siku ya Idi. Lakini ukurasa wa mwezi ule umechanwa, nami, katibu, nilikuwa Muheza kwa mkwe wangu. Nilirudi maiti imekwishazikwa. Unaona aibu niliyonayo. Nina daftari, nina muhuri, sina ukurasa.

Mjukuu wangu, aliyekuwa akisikiliza, aliuliza kama tulikuwa na «kilabu cha pombe» kinachozika watu. Nilimweleza kuwa kilabu ni kilabu na klabu ni klabu, lakini nadhani hakuelewa, na pengine kosa si lake. Hakuiona nyumba ile ikiwa hai: barazani wazee wa kahawa na dhumna, ukumbini watu wa soda na karata, na uani, nyuma ya ule ukuta wa makuti, wenzetu wenye chupa zao, ambao adhana ya magharibi ilipolia walishusha sauti kwa heshima ingawa hawakushusha chupa. Mimi katika maisha yangu sikuvuka ukuta ule ila kudai ada, na hakuna aliyenicheka kwa tangawizi yangu, wala mimi sikumhukumu mtu. Kinyozi ndiye pekee aliyekuwa na kiti katika pande zote tatu.

Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kuwa hatukubuni lolote. Katika ujana wake walikuwa na beni, vyama vya ngoma vilivyoshindana, Marini upande huu na Arinoti upande ule, wenye makingi na majenerali wa kujipachika, sare, matarumbeta, na faini kwa mwanachama asiyehudhuria msiba wa mwenziwe. Sisi tuliondoa ukingi tukaweka ukatibu, na faini tukaiacha palepale. Marehemu baba aliyajua mambo haya kwa upande wa pili pia, kwani kabla ya Uhuru alibeba sinia katika klabu moja ya Wazungu kule Raskazone, mahali ambapo mtu mweusi aliingia akiwa amesimama na kutoka akiwa amesimama. Ndiyo maana alipokuja klabuni kwetu mara ya kwanza alikaa kitini saa tatu nzima bila kuagiza kitu chochote.

Nakumbuka pia ulivyokuwa mtu wa bendi ya Atomic na mimi mtu wa bendi ya Jamhuri, na jinsi ulivyonikera kwa kuiita bendi yangu kwa jina lake la zamani, Young Nyamwezi, kana kwamba kuanzishwa na watu waliofuata kazi ya mkonge ni tusi. Lakini ndugu wawili wa Kinyonga, Wilson na George, walipoiacha Jamhuri wakaenda Arusha, na kutoka huko wakaingia Nairobi na kuwa Simba Wanyika, aliyesikitika zaidi alikuwa wewe. Watu husema Tanga waja leo waondoka leo, wakiwasema wageni. Siku ile tuliwasema wenyeji. Wake zetu hawakuyajali hayo. Wao walikuwa na taarabu zao, Black Star na Lucky Star, na fedha zilizokwenda kumtuza mwimbaji Shakila ukumbini hazikupata kuandikwa katika daftari lolote.

Ninaposoma majina ya wadaiwa naona klabu haikufa kwa ugomvi, kama anavyodai Fundi Saa. Ilikufa kwa mkonge. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na siku ya mshahara wa mashambani mji mzima ulijua. Kisha ikaja kamba ya plastiki, bei ikaanguka, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 tani hazikufika 40,000. Katika daftari hili kila mwezi wadaiwa wanaongezeka, na wengi wao ni watu wa makorona, yaani viwanda vya kusindika mkonge, na wa bandarini. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, nawe kwa hofu ukazika kreti mbili za bia chini ya mwembe, kana kwamba ni maiti wa halali. Baada ya hapo kurasa ni nyeupe. Coastal Union ilipochukua ubingwa wa nchi mwaka 1988 hatukuwa na mahali pa kukaa pamoja tukashangilia. Nilishangilia peke yangu nyumbani, na mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Lakini nirudi kwa Kinyozi, maana ndiye aliyeniketisha mezani. Mwaka ule nguo ilikuwa adimu, na bafta ilipatikana kwa kujuana. Inawezekana kabisa Bwana wa Mizani ndiye aliyejuana na mwenye duka, akaenda na fedha zetu mkononi, akarudi na nguo, na watu wakaiona nguo bila kuiona fedha. Sitaki kumsingizia mtu aliyelala kaburini. Wala sitaki kumpa mjane, ambaye bado yu hai na macho yake hayaoni vizuri, jibu ambalo nitalazimika kulifuta kesho.

Basi nijibu haya. Je, ulitoa fedha kwenye mfuko wa vilio siku ile, na ulimkabidhi nani? Je, alikutilia sahihi, na kama alitia, karatasi hiyo iko wapi? Ukurasa ulichanwa na wewe, au na mtu uliyemwona? Je, uko tayari kuyaandika haya mbele ya mashahidi wawili, kwa jina lako kamili na cheo chako cha wakati ule, ili niyapeleke Tongoni kabla ya mavuno yajayo? Na zile kreti, zilifukuliwa na nani? Nauliza kwa sababu wiki ijayo wanang'oa mwembe, na mimi ndiye nitakayesimama pale.

Deni lako la miezi minne nimelilipa jana kwa binti wa Kinyozi. Nakudai shukrani, na nakudai shilingi nane.

Nisalimie shemeji na watoto.

Ndimi nduguyo,
Katibu