Risala kwa Mgeni Rasmi: Familia za Mashua za Mifereji ya Uingereza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa chama chetu, wazazi, walimu wa darasa la Jumamosi, na vijana wetu: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wakubwa zetu shikamooni.

Tunakushukuru kwa kukubali kuja hapa Gas Street, katikati ya Birmingham, badala ya ukumbini. Vijana wetu wamekulia mji huu, na wengi huvuka mifereji yake kila asubuhi bila kuitupia jicho. Muhula huu wameisoma, na kwa niaba yao tunakusomea walichokipata.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Mambo yalianza na makaa ya mawe. Mwaka 1761 Duke wa Bridgewater alifungua mfereji wa kutoa makaa kwenye migodi yake ya Worsley kuyapeleka Manchester, na bei ya makaa mjini humo ikashuka kwa karibu nusu. Farasi aliyevuta tani moja au mbili barabarani kwa shida, kwenye maji yaliyotulia alikokota tani 25 na zaidi. Mfinyanzi tajiri Josiah Wedgwood, ambaye vyombo vyake vilikuwa vikivunjika njiani, naye akaupigania Mfereji wa Trent na Mersey. Mhandisi James Brindley aliujengea milango ya maji ya kupandisha na kushusha mashua vilimani, yenye upana wa futi 7 tu. Ndiyo maana mashua hizi ni ndefu kwa futi 70 hivi, lakini nyembamba hivyo.

Hapa tuliposimama pana kizuizi kati ya mifereji ya kampuni mbili. Kampuni ya Birmingham haikutaka maji yake yamwagikie kwa jirani, basi shehena ikahamishwa kwa mikono kutoka mashua hadi mashua, umbali wa futi 7, mpaka mwaka 1815 njia ilipofunguliwa. Vijana walicheka sana. Sisi wazazi, tuliowahi kulala na mizigo yetu mipakani, hatukushangaa.

Reli zilipokuja na nauli za mizigo kuporomoka, mabaharia wengi walishindwa kulipa kodi ya nyumba nchi kavu. Wakahamishia familia kwenye chumba cha tezini: urefu futi 10, upana usiofika 7. Jiko la makaa mlangoni, kabati ambalo mlango wake ukishushwa huwa meza, kitanda cha kukunjwa mchana. Kwingine kote ni shehena. Malipo yalitolewa kwa tani au kwa safari, na aliyepokea ni nahodha. Mama alishika usukani huku ananyonyesha, akapika, akafua. Watoto waliongoza farasi na kutangulia kutayarisha milango ya maji. Majina yao hayakuwamo kwenye daftari la malipo. Hili ndilo vijana wetu wametaka ulisikie kuliko yote: makaa yaliyowasha viwanda vya mji huu yalipita pia kwenye mikono isiyolipwa.

Mwaka 1877 ilipitishwa Sheria ya Mashua za Mifereji, iliyopiganiwa na George Smith wa Coalville. Mashua zisajiliwe, wakaaji wasizidi idadi, watoto wasome. Tunaona alisaidia, ingawa aliwachora watu hao kama walevi na wachafu tu. Na mtoto aliye Birmingham leo na Braunston, kijiji cha mbali cha mifereji, keshokutwa angesoma shule gani? Wengi walikua hawajui kuandika jina, lakini wakijua kila daraja na kila kona ya njia yao.

Uchafu huo hatukuuona kwenye picha. Tuliona shaba iliyosuguliwa, sahani za ukingo wa matundu zimetundikwa ukutani, mawaridi na makasri yamechorwa milangoni na kwenye makopo ya maji, hata kofia za masikio ya farasi zimefumwa kwa uzi. Kwa tuliozoea nakshi za majahazi ya Lamu, tulijiona nyumbani.

Kwenye mahandaki yasiyo na njia ya farasi, farasi alipitishwa juu ya kilima, na wanaume wakalala chali wakiisukuma mashua kwa kutembeza miguu ukutani, gizani. Mgonjwa naye alisubiri afike Stoke Bruerne, kijiji cha kando ya mfereji, kwa muuguzi Sister Mary Ward, aliyewahudumia miaka mingi na kupewa nishani mwaka 1951.

Baridi ya 1962–63 iligandisha mifereji kwa wiki nyingi, na wateja waliohamia malori hawakurudi. Mwaka 1970 ikakoma safari ya makaa kutoka Atherstone kwenda kiwanda cha jamu cha Southall, mojawapo ya kazi za mwisho za kudumu. Mashua unazoziona leo ni za mapumziko au makazi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Tuna maombi mawili. Kwanza, utusaidie gharama za kukodi mashua kwa siku moja, vijana wafungue milango ya maji wenyewe. Maboya ya kujiokolea na chakula wazazi wameahidi. Pili, utuombee kwa makumbusho ya mifereji ya Stoke Bruerne watupokee na karatasi ya maelezo ya Kiswahili, ambayo vijana wameshaanza kuiandika, ili bibi na babu wanaotutembelea kutoka nyumbani nao wafuatilie.

Tunaomba kuwasilisha.