Besi ya shemeji yangu si ugonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika katika ukurasa huu Jumamosi iliyopita kuhusu watu wanaopenda besi. Alitueleza kwamba ana amplifaya ya vali, zile taa za kioo za zamani, na mashine ya santuri, kwamba hagusi kitufe chochote cha kurekebisha sauti, na kwamba anayesikiliza kwa sabufa ameshaharibu masikio, hana tena la kusema kuhusu muziki. Akaongeza kuwa kwake mwimbaji hasikiki akitokea mahali pamoja, bali humzunguka msikilizaji pande zote, na besi huwa nyepesi, yenye adabu. Hayo ya mwisho niliyasoma mara tatu. Nitayarudia.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka 62, na mambo haya ya vyombo vya muziki yananila muda wangu tangu ujana. Kwa hiyo simjibu kama mtu wa nje. Sebuleni nina spika mbili za mbao zinazonifika kiunoni, amplifaya ya transista ambayo siwezi kuinyanyua peke yangu, na mashine ya santuri ambayo mkanda wake wa raba nimeshaubadilisha mara mbili. Umbali kati ya spika na spika, na kutoka kila spika hadi kiti changu, niliupima kwa futi ileile ninayopimia mabega ya wateja. Binti yangu anasema hakuna mteja aliyewahi kupimwa kwa makini namna hiyo. Simbishii.

Miaka kadhaa iliyopita vitambaa vya mbele ya spika zangu vilichakaa. Nikavivua, nikakata vingine, nikavivuta kwenye fremu mpaka vikakaa bila hata kunyanzi moja. Ili nifanye kazi hiyo mezani nilikuwa nimechomoa nyaya kule nyuma, na nilipozirudisha ilikuwa jioni na miwani nimeiacha chumbani. Nikaweka santuri. Sauti ilikuwa imetanuka ajabu. Haikutoka tena kwenye spika, ilielea tu chumbani, mara nyingine nikaisikia ubavuni kwangu. Besi ilikuwa imepungua, lakini nikajiambia huo ndio usafi wenyewe, kwamba kile kitambaa cha zamani kilikuwa kinaibana sauti. Kwa miezi minne kila aliyeingia nyumbani kwangu alipata mahubiri kuhusu kitambaa.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni mtu wa besi. Sabufa yake ikiwashwa, glasi kabatini zinaitikia. Alipokuja alisikiliza nusu ya wimbo, akauliza, "Shemeji, besi umeiuza?" Nikamkalisha chini. Nikamwambia masikio yake yamezoea mitikisiko, kwamba muziki ni sauti ya mtu na nyuzi za gitaa, si kishindo cha mlango. Nilisema mengi, na nikisoma barua ya msomaji wako naona tulisoma darasa moja. Shemeji akanyamaza kwa heshima.

Aliyenitoa gizani ni binti yangu, ambaye vyombo hivi havimhusu kabisa. Alikaa kwenye kiti changu, akawa anageuza kichwa huku na huku kama mtu anayemtafuta mbu. "Mama, huyu mtu anaimbia wapi? Mbona yuko kama nyuma ya kisogo changu?" Nikachukua tochi na miwani, nikapiga magoti nyuma ya spika. Ya kulia, waya mwekundu uko kwenye tundu jekundu na mweusi kwenye jeusi. Ya kushoto, kinyume.

Kwa asiyejua, kinachotokea ni hiki. Ndani ya spika kuna ile karatasi ya duara inayosukuma hewa mbele na kuivuta nyuma. Spika mbili zikifungwa sawasawa, zote husukuma pamoja na kuvuta pamoja. Ukigeuza nyaya za moja, hii inasukuma huku nyenzake inavuta, na hewa inayotolewa na hii inamezwa na ile. Besi ndiyo inayoumia zaidi, kwa kuwa mawimbi yake ni marefu na yale ya spika mbili yanakutana na kufutana. Sauti za juu, yaani zile nyembamba, mawimbi yake ni mafupi, zenyewe hazifutani vizuri, zinavurugika tu, ndiyo maana mwimbaji anakosa pa kusimama. Mimi huo mvurugiko nilikuwa nimeupa jina la upana.

Nilipogeuza zile nyaya mbili mwimbaji alirudi katikati, mbele yangu, na besi ikaingia kama mtu aliyekuwa amefungiwa nje. Nikampigia simu shemeji kumwomba radhi. Alicheka mpaka akakohoa.

Kumbe kwa miezi minne nilikuwa natetea kosa la ufundi nikidhani natetea ladha, na aliyeonekana hana masikio ndiye aliyesikia kosa kwa nusu ya wimbo. Hapo ndipo ninapotofautiana na msomaji wako, maana yeye anavichanganya vitu hivyohivyo viwili. Spika iliyofungwa kinyume ni kosa, na hapo hakuna mjadala. Mkanda wa raba uliolegea ukaishusha kasi ya santuri chini ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, nalo ni kosa, hata kama mwenyewe ameshazoea kumsikia mwimbaji amesinzia. Makosa yakishaondolewa, shemeji alikuja akasikiliza spika zilizofungwa vizuri, akasema sasa ni nzuri, kisha akanyoosha mkono akaongeza besi. Hiyo ndiyo ladha yake, na sina pa kuipeleka mahakamani.

Tena ana hoja kuliko tunavyodhani. Watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson wa maabara za Bell, walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio la binadamu haliteremshi sauti zote kwa usawa. Sauti ikipunguzwa, besi hutuponyoka mapema kuliko sauti za katikati. Ndiyo sababu amplifaya nyingi za zamani ziliwekewa kitufe cha kuinua besi wakati sauti iko chini. Shemeji ana watoto wadogo, husikiliza usiku wakiwa wamelala, sauti ameishusha sana. Akiongeza besi hapo anarudisha kile ambacho sikio lake mwenyewe limekipunguza. Ambaye hagusi kitufe, akasikiliza kwa sauti ya chini, ndiye anayepata muziki uliopungua.

Na kuhusu kutogusa vitufe, ningependa kujua kama msomaji wako anafahamu kilichomo ndani ya santuri anazozisifu. Besi yote ingechongwa kama ilivyo, mfereji wa santuri ungeyumba kwa upana mno, nyimbo chache zingeenea na sindano ingerukaruka. Kwa hiyo wakati wa kuchonga hupunguza besi na kuinua sauti za juu, kisha amplifaya hufanya kinyume wakati wa kupiga, na hapo hata ule mkwaruzo wa sindano hushuka pamoja na zile sauti za juu. Kanuni moja ya kufanya hivyo ilikubaliwa na chama cha kampuni za kurekodi za Marekani mwaka 1954. Marekebisho yenyewe si madogo: chini kabisa, kwenye 20 Hz, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, besi huinuliwa karibu desibeli 20, kipimo cha ukubwa wa sauti. Kitufe cha shemeji hakiwezi hata nusu yake kwa ustaarabu. Mwenzetu anarekebishiwa sauti kila siku, ila kitufe chake kiko ndani ya boksi.

Nisionekane nazisema vibaya santuri. Nazipenda. Napenda kunyanyuka baada ya dakika ishirini na kitu kuigeuza, napenda kuiona sindano ikishuka taratibu na ule mkwaruzo mdogo kabla ya wimbo. Ila siwezi kusimama mbele ya watu nikasema kwamba ni sahihi kuliko CD. Msomaji wako alilalamika kwamba CD inakata muziki. Kwa sampuli zake 44,100 kwa sekunde, yaani mara inazopima sauti, inafika hadi sauti za 20,000 Hz hivi. Siku moja binti yangu alinipigia milio ya kupimia masikio kutoka kwenye simu, akipanda hatua kwa hatua. Yeye bado alikuwa anakunja uso mlio ulipopita 16,000. Mimi nilikuwa nimeshamwambia azime simu, nikidhani imekwisha, kwenye 11,000. Uzee unaanza kuchukua kutoka juu. Kwa hiyo kinachokatwa na CD mimi nilikatiwa zamani na mkataji mwingine, na kama mwenzangu ni wa rika langu, kama anavyodai, basi sote tunagombania chumba ambacho hatuna funguo zake.

Kuna jambo jingine lililonipunguzia kiburi. Shemeji aliwahi kuleta amplifaya yake tukashindanisha na yangu kwenye spika zangu. Yangu ilishinda, nikafurahi. Baadaye nikagundua yangu ilikuwa juu kidogo tu kwa sauti, kiasi ambacho hakuna aliyekisikia kama kelele zaidi. Tulikisikia kama uzuri zaidi. Sikio lina tabia hiyo, na wauzaji wanaijua. Tulirudia kwa kuazima mita ya umeme, tukapima volti kwenye nyaya za spika kwa mlio mmoja usiobadilika mpaka zote mbili zikalingana. Binti akakaa upande wa amplifaya, mbele yake tukatundika khanga, akawa anabadilisha bila kusema. Mara kumi. Nilipatia mara sita, shemeji mara tano. Ukirusha sarafu unapata hivyohivyo. Tulipobadilisha spika badala ya amplifaya, nilipatia zote kumi nikiwa nimefumba macho.

Chumba nacho. Wimbi la besi ya 50 Hz lina urefu wa karibu mita 7, yaani ni refu kuliko sebule yangu. Kwa hiyo ndani ya chumba kuna mahali linajikusanya na mahali linatoweka, na kusogeza kiti nusu mita kunabadilisha besi kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua. Nikiwa fundi wa nguo nilidhani tatizo la mwangwi nitalimaliza kwa kitambaa. Nilitundika pazia nzito ukuta mzima, mikunjo imejaa, kazi nzuri hata kwa macho. Sauti za juu zikafa, mwimbaji akawa kama anaongea na shuka mdomoni, na besi ikaendelea kuvuma kwenye kona vilevile. Pazia haimzuii mtu mnene namna ile. Niliishusha, nikaishonea mito.

Siku hizi tuna utaratibu. Kwenye kitufe cha besi kuna alama mbili nilizochora kwa chaki ya ushonaji: nyeupe ni yangu, iko karibu na katikati, na ya bluu ni ya shemeji, iko mbele kidogo. Yake ilikuwa mbele zaidi hapo awali. Imerudi nyuma yenyewe tangu tulipopata mahali pazuri pa kiti, kwa sababu sehemu ya ile njaa yake ya besi ilikuwa ni kukaa mahali ambapo besi haipo. Sehemu iliyobaki ni yeye. Ameanza muziki akiwa kijana kwa kupiga ngoma, na mtu aliyepiga ngoma anasikiliza kwa kifua. Mimi nasikiliza maneno. Neno lisiposikika wimbo umeniharibikia. Akija, tunaanza na alama ya bluu, santuri ikigeuzwa tunahamia nyeupe.

Msomaji wako alipendekeza gazeti lianzishe safu ya kufundisha watu namna sahihi ya kusikiliza. Sina pingamizi, Mhariri, ila somo la kwanza liwe la nyaya. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, chomoa nyaya kwenye amplifaya, gusisha upande chanya wa betri kwenye waya mwekundu na hasi kwenye mweusi, mguso wa mara moja tu. Karatasi ya spika itaruka kidogo kuja mbele au kurudi nyuma. Kisha fanya spika ya pili. Zote mbili lazima ziruke upande mmoja.

Nasema hivi kwa sababu ya yale niliyoyasoma mara tatu. Mwimbaji anayemzunguka mtu pande zote, asiye na mahali pa kusimama, na besi nyepesi yenye adabu: mimi chombo hicho nakijua, nilikuwa nacho miezi minne. Kabla hajatujibu wapenda besi, namwomba kwa heshima zote achukue tochi aangalie nyuma ya spika zake. Aanze na ya kushoto.

Fundi cherehani, msomaji wako wa kila Jumamosi