Siku ya 21 si ya kila mwanamke

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya umeshauri mwanamke anayechelewa kushika mimba apime projesteroni, homoni inayoandaa mji wa mimba, siku ya 21 ya mzunguko wa hedhi, na ikiwa chini aanze dawa ya projesteroni papo hapo. Ushauri huo unasahau vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni.

Projesteroni huingia ndani ya seli, ikashikana na kipokezi chake, kisha viwili hivyo hushika DNA na kuwasha au kuzima jeni. Seli isiyo na kipokezi haiitikii, hata damu ijae homoni. Na vipokezi hivyo hutengenezwa kwa amri ya homoni nyingine, estrojeni, katika nusu ya kwanza ya mzunguko, yai linapokua. Estrojeni ikiwa haba, kuongeza projesteroni ni kubisha hodi nyumba isiyo na mtu.

Halafu kuna suala la wakati, na hapa ndipo wengi huharibu. Projesteroni ikishaanza kazi, hupunguza vipokezi vyake yenyewe katika seli za juu za utando wa mji wa mimba. Seli za chini yake hubaki navyo na kujiandaa kulea mimba. Kupungua huko huendana na siku chache ambazo utando hukubali kiinitete (mimba changa kabisa), takriban ya 6 hadi ya 10 baada ya yai kutoka. Dawa ikianzwa mapema, siku hizo hufika na kupita kiinitete kikiwa bado njiani. Tena inaweza kulizuia yai lisitoke kabisa. Kliniki za kupandikiza mimba hazikisii jambo hili: estrojeni kwanza, mpaka utando ufikie unene wa milimita 7 au zaidi, kisha projesteroni, na kiinitete cha siku 5 kilichogandishwa huwekwa siku ya 6 ya dawa hiyo.

Sasa kipimo. Siku ya 21 inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28 tu. Wa siku 35 hutoa yai karibu na siku hiyohiyo ya 21, kwa hiyo projesteroni yake lazima iwe chini, wala si ugonjwa. Apime siku ya 28, yaani siku 7 kabla ya hedhi anayoitarajia. Kiwango kinachozidi 3 ng/ml huonyesha kwamba yai limetoka; zaidi ya hapo namba moja haitoshi kupima ubora, maana homoni hii hutolewa kwa mapigo na kiwango chake kinaweza kupanda au kushuka maradufu kadhaa ndani ya dakika 90. Angalieni pia kizio, yaani kipimio ambacho maabara imeandikia namba. 3 ng/ml ni sawa na takriban 9.5 nmol/l, na majibu ya maabara mbili yakilinganishwa bila kugeuza vizio, mtu huambiwa kiwango chake kimeporomoka ilhali hakijabadilika.

Dawa yenyewe ina mahali pake. Katika utafiti wa PRISM wa Uingereza, uliochapishwa 2019, wanawake 4,153 waliotokwa damu mwanzoni mwa ujauzito walipewa projesteroni ya ukeni ya mg 400 mara mbili kwa siku, au dawa bandia, hadi wiki ya 16. Kwa jumla tofauti ilikuwa ndogo: asilimia 75 walijifungua watoto hai dhidi ya 72. Lakini kwa waliowahi kuharibikiwa na mimba mara 3 au zaidi ilikuwa 72 dhidi ya 57. Hao ndio makala ingewataja.

Aliyeandikiwa projesteroni ya ukeni asishtuke damu ikionyesha kiwango kidogo, kwani dawa hufika kwenye mji wa mimba moja kwa moja. Na anayemeza didrojesteroni, dawa ya kutengenezwa inayofanya kazi kama projesteroni, asilipie kipimo cha projesteroni ili kujua kama dawa imeingia: kipimo hicho hakiioni.

Mtaalamu wa homoni za uzazi,
Morogoro